Kuhusu jioni ile ya Kisiwandui

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Unataka nikwambie nani hasa aliyepanga kuuawa kwa Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, kwa kuwa mimi nilikuwapo. Nilikuwapo Kikwajuni, mwanangu, si ndani ya jumba la chama cha Afro-Shirazi kule Kisiwandui. Aliyesikia si aliyeona. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, jua linakaribia kuzama. Nilikuwa na miaka 12, nimetumwa mafuta ya taa. Milio ilipotoka upande wa Kisiwandui nilidhani watu wanapigilia mabati, mpaka nikaona wanaume wanainuka barazani wanaacha viatu. Bibi yako akanivuta mkono hata chupa ikavunjika, wala hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Usiku tukasikia kwamba Mzee alikuwa akicheza bao na wenziwe, wakaingia wenye bunduki. Mzee Thabit Kombo alijeruhiwa, akapona. Luteni Humud, mmoja wa wale wenye bunduki, hakutoka hai, na watu wakanong'ona kwamba alikuwa akilipa kisasi cha baba yake.

Sasa nikwambie la Babu Fundi, mjomba wangu. Usiku uleule, redio imepunguzwa sauti, alisema, "Innaa lillahi." Akanyamaza. Kisha akasema, "Labda sasa mchele utapatikana." Bibi yako akamziba mdomo. Nyinyi hamkuijua ile njaa: mgao, foleni tangu alfajiri, muhogo asubuhi na muhogo usiku. Yalikuwa maneno ya mtu aliyechoka.

Siku chache baadaye mtu mmoja wa mtaani, aliyezoea kutupa peremende, aliniuliza pale mferejini, "Mjomba wako alisema nini aliposikia?" Nikamwambia, neno kwa neno. Nikaongeza kwamba alicheka. Hakucheka, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia pumzi tu, nikaifanya kicheko.

Walimchukua usiku. Alirudi baada ya miezi 14, na mkono wake wa kulia haukushika sindano tena. Cherehani ile ukumbini, ambayo kila mwaka mnaniuliza kwa nini siiuzi, ni yake. Hakuniuliza hata mara moja, na kanga za harusi yangu alininunulia yeye.

Mtoto wa miaka 12 ana kosa gani? Hivyo ndivyo ninavyoiambia nafsi yangu. Lakini niliyaona macho ya yule mtu yalivyong'aa nilipoanza kusema, nikataka yang'ae zaidi. Mtoto anajua anapopendeza.

Baadaye ikaja kesi ya uhaini. Washtakiwa walizidi 80, wala hapakuwa na wakili wa kuwatetea. Abdulrahman Babu, yule aliyewahi kuwa waziri, alihukumiwa kifo hali yuko kizuizini Bara, akaachiwa 1978. Kwa hiyo unaponiuliza nani alipanga, nakumbuka kwamba siku zile swali hilohilo waliulizwa watu kama mimi, na tulijibu. Aliyesikia si aliyeona.

Na Mzee mwenyewe? Najua ndilo ulilotaka kuniuliza. Eka 3 alizopewa babu yako zilitoka kwake. Nyumba za Michenzani, anakokaa shangazi yako, alizianzisha yeye. Nilisoma skuli bure. Na wakati huohuo kulikuwa na watu waliotoka majumbani mwao wasirudi, na wake zao hawakuthubutu kukaa eda. Nikisema alikuwa mwema nawasaliti hao. Nikisema alikuwa mbaya namsaliti babu yako, aliyelia siku ile kama aliyefiwa na baba. Ninalo neno langu, na ulimi unaniwasha. Lakini siliandiki. Ukija Ramadhani, nikiwa na moyo, labda nitakwambia.

Mzee Jumbe aliposhika nchi, mchele ulianza kupatikana kidogo kidogo. Babu Fundi alikuwa bado ndani. Siku ya kwanza bibi yako alipika sufuria nzima, akapakua sahani moja, akaiweka kando na kuifunika kawa. Hakuna aliyeigusa mpaka asubuhi.

Mama yako