SSD mbili (diski za kasi za kuhifadhi data) kwenye kompyuta mpya: RAID 0 (kuziunganisha zifanye kazi kama diski moja) au kila moja kivyake?
Kila moja kivyake, usiweke RAID 0. Moja ibebe Windows na programu, ya pili mafaili ya kazi. RAID 0 hukata faili vipande vipande na kuvigawa kwenye diski zote mbili, kwa hiyo ikifa moja tu, umepoteza vyote. Nimewahi kumfungulia mtu kompyuta ya namna hiyo. Diski moja ilikuwa nzima kabisa, lakini picha zake hazikupatikana. Na kasi yenyewe ya ziada inayoletwa na RAID 0 hutaihisi ukiwasha mashine, maana NVMe moja (aina ya SSD yenye kasi kubwa) tayari ina kasi ya kutosha. Ila soma kwanza kitabu cha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta): kwenye baadhi, ukichomeka SSD ya pili ya M.2 (ile inayoingia moja kwa moja kwenye ubao), mlango mmoja au miwili ya SATA (ya kuunganishia diski kwa waya) huzimika.