Usichome mabua wakati wa ukame

Ndugu, umeuliza kama ni salama kuchoma mabua shambani ilhali mvua zimekosekana na kisima kinapungua. Nakusihi usichome. Nyasi zilizokauka hushika moto kwa cheche moja tu, na penye mteremko moto hupanda kwa kasi kubwa, huku maji ya kuuzima yakiwa ndiyo hayo hayo unayoyahitaji kwa kunywa. Yatandaze mabua juu ya udongo, kwani huukinga na jua kali, hupunguza unyevu unaopotea hewani, na mvua itakaporudi huzuia maji yasitiririke na kuuchukua udongo wa juu wenye rutuba. Kuhusu kisima, andaa mifereji ya paa mapema ili ukinge maji ya mvua: milimita 1 ya mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni karibu lita 50.