Saladi ya viazi ya Kijerumani

SWALI: Shikamoo shangazi. Wifi yangu Mjerumani wa Stuttgart anakuja Moshi, nataka nimwandalie saladi ya viazi ya kwao. Nikijaribu, viazi vinavurugika. Nifanyeje? – Msomaji, Kiboriloni

JIBU: Marahaba mwanangu. Viazi vya unga ndivyo vinavyokuangusha. Ukienda soko la Mbuyuni, chagua vidogo, vigumu, visivyopasuka vikiiva. Chemsha kilo 1 na maganda yake, vimenye vingali vya moto, kata slesi nyembamba.

Mayonezi weka kando kabisa; hiyo ni ya kaskazini mwa Ujerumani. Kwa kina wifi yako ni supu. Chemsha robo lita ya supu ya nyama na kitunguu kilichokatwa vidogo sana, siki vijiko 3, haradali kijiko 1, chumvi na pilipili manga. Imwagie ingali inafuka, maana viazi vikishapoa havinywi vizuri. Geuza polepole kwa mwiko mpana. Supu itapungua chini ya bakuli na slesi zitaanza kung'aa. Hapo ndipo raha yake. Mafuta ya alizeti yaje mwisho, yakitangulia yanazuia supu isiingie.

Acha nusu saa, usiweke kwenye friji. Kisha onja, mara nyingi inadai siki kidogo zaidi. Soseji zinafaa sana pembeni.