Kabla hujalipia majaribio, nisikilize mimi niliyeachiwa jezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kitanzania aliyeko Texas aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna timu ya soka la ndani inafanya majaribio, kiingilio dola 75. Wanasema wachezaji wanapewa posho. Niende?"

Nilikuwa mapumzikoni kazini. Chai ilipoa mkononi, maana mimi nami niliwahi kuombwa hela kama hiyo, nikaitoa nikicheka.

Soka la ndani la Wamarekani si futsal. Wanachukua uwanja wa magongo ya barafu, wanautandika zulia la nyasi bandia, na zile kuta za pembeni wanaziacha palepale. Sita kwa sita, kipa akiwemo. Robo nne za dakika 15, wachezaji wanapokezana mchezo ukiendelea. Ukipewa kadi ya bluu unakaa kizuizini dakika mbili, wenzako wanabaki pungufu. Mpira ukigonga ukuta, twende kazi.

Mtoto wa Tanga niliyelelewa na chandimu, nikajiona nimefika nyumbani. Ukuta wa jirani si ndio ulikuwa mchezaji wetu wa ziada? Basi siku ya majaribio, dakika ya kwanza tu, mpira ukagonga ubao karibu na bega langu. Nikasimama, mkono juu, nadai wa kurusha. Nani arushe! Jamaa wa nyuma yangu aliuokota, akagusa mara mbili, wavuni. Kocha alicheka mpaka akashika magoti. Hata hivyo walinichukua, na sioni aibu kusema nilistahili: siku ile nilifunga matatu.

Kilichonipofusha ni historia niliyoisoma nusu. Dallas walikuwa na timu iitwayo Sidekicks, na mshambuliaji Mbrazili anayejulikana kama Tatu. Kila akifunga, anavua jezi anawatupia mashabiki. Mswahili gani asingempenda mtu wa jina hilo? Mwaka 1987 walichukua ubingwa ugenini Tacoma, mechi ya saba ya fainali, 4-3 katika muda wa nyongeza, mbele ya watu 21,728. Ile namba niliibeba kichwani kama ahadi niliyopewa mimi.

Nusu ya pili sikuisoma. Ligi waliyocheza Sidekicks, iitwayo MISL, ilianza kuchezwa Desemba 1978 na timu sita, ikafa 1992. Jina likafufuliwa 2001, likazikwa 2008. Likafufuliwa tena, likazikwa 2014. Jina moja, matanga matatu.

Katikati ya misiba hiyo ndipo ilipokuja PASL, mwaka 2008, ligi ya watu wenye mifuko mifupi: si ya ridhaa, si ya kulipwa hasa. Kulikuwa na timu ya Detroit iliyoitwa Waza, na laiti ningelitii jina lake. San Diego Sockers walishinda mechi 48 mfululizo na kubeba ubingwa mara nne, 2010 hadi 2013. Mwaka 2012 Sidekicks walirudi, Tatu akiwa kocha. Mwaka 2014 timu sita za MISL zikahamia huko, ligi ikabadilishwa jina kuwa MASL. Wapo wanaosema PASL haikufa, ilivaa kanzu mpya tu. Sawa.

Timu yangu ilikuwa ndogo, ya daraja la chini, na jina lake nalihifadhi. Ahadi ilikuwa dola 50 kwa mechi. Nilicheza tisa, nikalipwa mbili. Tulisafiri kwa gari dogo kwa muda wa saa tano, magoti kidevuni, na zulia likikuchubua paja unarudi umekaa upande mmoja. Nilikataa zamu za ziada kazini ili niwahi mazoezi. Alhamisi moja ya Januari tukakuta mlango wa ukumbi umefungwa kwa mnyororo. Kodi haikulipwa. Simu ya mwenye timu haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Basi, mdogo wangu, jambo la kwanza: uliza nani analipa kodi ya ukumbi. Ligi hizi haziuawi na uhaba wa vipaji. Zinauawa na pango la ukumbi, nauli na bima, huku mapato yakiwa tiketi za usiku mmoja mmoja. La pili, posho iandikwe kwenye karatasi. La tatu, kazi usiache. La nne ni lile la kwanza: ukumbi, nani analipa?

Na ninyi vijana wenzetu mlioko ughaibuni, tuache kudanganywa na neno "majaribio". Ukiambiwa ulipe ndipo utazamwe, jiulize biashara ni ipi, mpira au wewe. Mnapeleka hela ya mama nyumbani kwa shida, halafu mnampa mtu asiye hata na ofisi! Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa mjinga huyo, na nilikuwa mjinga mwenye kipaji, jambo linalouma zaidi.

Yote haya nilimwandikia. Jana usiku akajibu: "Ahsante kaka, nimekuelewa. Ila nilishalipa. Ni Jumamosi."

Nilikaa kidogo. Kisha nikamuuliza anavaa kiatu namba ngapi, maana vile vya njumu ataanguka navyo kwenye zulia, na vyangu vya soli bapa bado viko kabatini, chini ya ile jezi.