Jibu: Sampuli ya wakulima wa mwani, Micheweni, Pemba
Waalaykumu salamu, dada yangu. Umeuliza iwapo inatosha kuwahoji wakulima wa mwani 300 utakaowakuta pwani, kwa kuwa kanuni ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, imekupa idadi hiyo kati ya wakulima 1,200. Kwa kosa la asilimia 5 hesabu yako ni sahihi, lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba kila mkulima ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na pwani haitoi nafasi hiyo: siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, utakuta watu wachache mno, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, utawakuta wenye nguvu za kushuka, huku bibi aliyebaki nyumbani akianika mwani juu ya chanja asiingie kabisa katika hojaji yako. Ni bora uandike orodha ya majina kwa msaada wa masheha, yaani viongozi wa shehia (maeneo madogo ya utawala), kisha uchague kwa nasibu ndani ya kila shehia kulingana na wingi wa wakulima wake. Kilo za mwani mkavu unaweza kuzitafutia wastani. Viwango vya kuridhika vina mpangilio tu wa chini hadi juu, hivyo tumia mediani, yaani thamani ya katikati. Na uulize mavuno ya bamvua lililopita, si ya mwaka mzima, ambayo hakuna anayeyakumbuka.