KONA YA GEREJI: Bodi ya 109 ya mzee juu ya chesisi ya Discovery, inaingia?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Kibosho, marehemu mzee wangu ametuachia Land Rover 109 pikapu, Series III ya 1979, ilikuwa inabeba kahawa na ndizi enzi zile, sasa imelala chini ya mparachichi miaka mingi tu kuku wanatagia ndani. Bodi iko poa maana ni aluminiamu, ila chesisi nyuma imeliwa na kutu na ile mikono inayoshika bodi miwili inachomoka kwa mkono. Injini ni ya dizeli ile ya zamani, haivuti. Kuna welda hapa Moshi ameniambia nisihangaike, ninunue Discovery 300Tdi iliyogongwa, tung'oe bodi yake tuibwage ya mzee juu yake, nipate koili springi, breki za diski, powa steringi na injini ya turbo kwa mpigo mmoja. Wadogo zangu wanasema nimechanganyikiwa. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba kaka, na poleni na mzee. Kwanza wadogo zako waambie hujachanganyikiwa, watu wengi duniani wamefanya hiyo kitu na zinatembea. Ila huyo welda amekuambia nusu tu ya habari, hiyo nusu nyingine ndo inayokula hela.

Chukua futi kamba. 109 jina lake ni inchi, yaani kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, kama milimita 2,769. Discovery ya kwanza ni inchi 100, milimita 2,540. Kwa hiyo unapungukiwa sentimita 23, na bodi ya mzee haitaki kusikia hadithi, madigadi ya nyuma yatakuwa yamekaa sehemu ingine na tairi zimekaa kwingine. Ama ufupishe bodi (ukifanya hivyo mzee atafufuka), ama ukate chesisi ya Discovery uirefushe. Kurefusha sio uchawi, hapa Arusha kuna mafundi kila siku wanakata Land Cruiser katikati wanazirefusha kwa ajili ya watalii na zinapanda Ngorongoro zikiwa zimejaa wazungu. Lakini nenda kaangalie wanavyofanya, wanaibana kwanza chesisi kwenye fremu ya chuma isicheze, hawakati wima kama mkate bali kwa mshazari au ngazi, ndani wanaingiza chuma cha kuimarisha na pleti za pembeni wanazichonga ncha ili nguvu isikusanyike kwenye mstari mmoja, halafu wanapima kona kwa kona, mbele kulia hadi nyuma kushoto na kinyume chake, vipimo viwili vikitofautiana gari itakuwa inatembea kama kaa. Huyo welda wako anayetengeneza mageti ana hiyo fremu? Muulize kwa heshima tu.

Alafu upana. Ekseli za Series kutoka tairi hadi tairi ni inchi 51.5, za Discovery ni 58.5. Yaani kila upande tairi inatoka nje kama sentimita 9, utahitaji madigadi ya nyongeza, la sivyo ukipita barabara ya Kibosho mvua za masika matope yote yanaishia kwenye kioo chako na trafiki wa kwanza tu unaagana naye vizuri. Hapo bado hatujagusa vishikio vya bodi, ambavyo kwenye Discovery viko sehemu tofauti kabisa, wala steringi ambayo kwenye gari ya mzee inapita kwenye ile bomba iliyosimama ndani ya krosimemba (chuma cha kukatiza kinachounga reli mbili za chesisi) ya mbele na kwenye Discovery ni boksi lililofungwa pembeni ya chesisi. Ukimaliza yote hayo umetengeneza gari mpya kabisa yenye sura ya zamani, na fundi atakayekuja kuirekebisha miaka mitano ijayo atakutukana bila kukujua.

Kama roho yako iko kwenye koili springi kweli kweli, chesisi inayokaribiana ni ya 110, ile iliyotoka 1983, tofauti na yako ni inchi moja tu na bodi ya nyuma ni ndugu wa damu. Ila nani Arusha anakuuzia chesisi nzima ya 110 kwa bei ya kirafiki siku hizi? Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 kila mwenye kipande cha chuma cha kijani nyuma ya nyumba anajiona tajiri. Na ukiipata 110 nzima, kaka, si uiendeshe tu hiyo hiyo.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga chesisi yote kuanzia mbele, sehemu nzima inalia ngi ngi, mbovu inalia bu, weka alama ya chaki. Ikiwa bu ziko nyuma tu na kwenye mikono, hiyo ni kazi ya kawaida, krosimemba ya nyuma na mikono inatengenezwa kwa pleti ya mili tatu na gari inarudi kuwa gari. Ikiwa bu zimefika kwenye vishikio vya springi na katikati ya zile reli mbili ndefu, hapo chesisi imekufa na tunazungumza habari ingine. Kabla hajawasha moto, toa betri, na tenki la mafuta litoke kabisa, kwenye pikapu yako liko chini ya kiti, usikubali kuambiwa "tutalifunika na gunia bichi". Na pale aluminiamu inapolala juu ya chuma weka raba katikati, maana hizo metali mbili zikigusana na maji yakiingia zinakulana zenyewe, ndo maana unaona bodi nzuri ila pembeni ya bolti inapukutika kama unga.

Injini sasa. Ile dizeli ya 2.25 inatoa nguvu ya farasi 62 hivi ikiwa mpya, na yako imelelea kuku. Usitafute 300Tdi, tafuta 200Tdi ya Discovery za 1989 hadi 1994. Ni farasi 111, na uzuri wake ni kwamba inashika kwenye gia boksi ya Series bila kuchonga sana, wakati 300 kila kitu kimehamishwa na utaishia kutengeneza mauntingi na kupinda mabomba kwa wiki tatu. Kumbuka tu injini yako ya sasa taimingi yake ni cheni, hiyo ya Tdi ni mkanda, ukinunua injini ya mkono badilisha mkanda siku hiyo hiyo, usiulize muuzaji ulibadilishwa lini kwa sababu wote wanasema mwezi uliopita. Na gia boksi ya mzee ina moyo mdogo, ukiwa na mzigo usianze safari kama unashindana na bodaboda.

Kuna watu watakushauri uchukue na gia boksi na transfa (lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya Discovery pia. Hapo simama kwanza. Transfa ile inasukuma tairi zote nne muda wote, na ekseli yako ya mbele kule kwenye kona ya tairi ina krosi joint kama zile za propela, sio joint ya kisasa yenye gololi ndani. Krosi ikikatwa kona huku inasukumwa haizunguki sawasawa, steringi itakuwa inakutetemeka mkononi kila unapogeuza. Kwa hiyo ukitaka ile transfa unalazimika na ekseli ya mbele, ukitaka ekseli ya mbele unarudi kwenye upana na koili, na tumerudi kwa welda wa mageti.

Breki sijazisahau. Injini ikiongezeka nguvu kabla ya breki hiyo sio gari, ni jiwe la kuteremsha kutoka Kibosho hadi mjini. Dramu za 109 zikiwa na silinda mpya, laini mpya na servo, ile inayousaidia mguu wako kukanyaga, zinasimamisha gari vizuri, anza hapo, fedha za turbo zije baadaye. Bushi zote mpya, shokapu mpya, pleti za springi zifunguliwe zipigwe brashi na grisi. Utashangaa, nusu ya kile unachoita "gari la zamani linarusha" ni kutu kati ya pleti na pleti.

Huyo huyo anauliza tena: Na difu? Naambiwa niweke za Discovery ili gari ikimbie Arusha.

JIBU: Difu zako ni 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 tairi izunguke mara moja, za Discovery ni 3.54, maana yake kwa spidi ile ile injini inazunguka pungufu kama robo. Kwenye lami ya Moshi Arusha ni raha tupu, inaacha kupiga kelele. Lakini gia ya kwanza nayo inakuwa ndefu, na wewe umesema ndizi na mlima. Tena 109 nyingi za Series III nyuma zina ekseli ya Salisbury, ile nene, na difu ya Discovery haingii humo, ni kubadilisha ekseli nzima na kuweka nyembamba. Kwa mzigo mimi siwezi. Tafuta ovadraivu, kile kigia cha nyongeza kinachopunguza mzunguko wa injini kwenye lami, acha difu.

Na ukibadilisha, badilisha mbele na nyuma. Hili nalisema kwa uchungu maana nilikuwa na ile fupi, 88, gereji moja ikanifungia 3.54 nyuma na mbele wakaacha 4.7, mimi sijui, nikatembea miezi nikisifia gari jinsi ilivyokuwa nyepesi. Siku moja narudi kutoka Monduli matope mengi nikaweka foo wili, kwenye utelezi haikusema kitu, nikafika lami nikasahau kutoa. Tairi za mbele zinataka mwendo wake na za nyuma mwendo wake, kitu kikalia kama bunduki chini ya kiti, transfa ikafunguka meno. Nililala Makuyuni.

SWALI: Fundi habari. Nina Land Cruiser HJ47 pikapu ya 1982, niko Ngaramtoni, nalimia na kubebea majani ya ng'ombe. Nataka chesisi ya HZJ75 niweke chini. *Dada wa ng'ombe watano*

JIBU: Dada, kwa nini? Yako ni milimita 2,950 kutoka ekseli hadi ekseli, ya 75 ni 2,980, na zote mbili zina springi za pleti mbele na nyuma, kwa hiyo utahangaika mwezi mzima ushuke na gari inayorusha vilevile. Kama tatizo ni kelele barabarani, shida yako ni gia nne. Tafuta gia boksi ya H55F yenye gia tano iliyotoka kwenye gari yenye injini ya 2H kama yako, mfano HJ75 au HJ60, propela zipimwe upya, umemaliza. Ile 2H usiitoe kama haili oili, sita silinda lita nne, inavuta ng'ombe wote watano na wewe juu. Ukinunua stata au altaneta angalia kwanza umeme wako ni 12 au 24, watu wanaunguza vitu vipya kila siku.

SWALI: Nikibadilisha chesisi kadi inakuwaje? *Msomaji, Pasua*

JIBU: Kadi ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ukibadilisha unaenda TRA na nyaraka za ulikoinunua, gari inakaguliwa, wanarekebisha. Chesisi ni mambo mengine kwa sababu ile namba ndo gari yenyewe, ukileta chesisi ingine umeleta gari ingine, inayotakiwa kuwa na kadi yake, mmiliki wake aliyekuuzia kwa maandishi na ushuru uliolipwa. Nenda TRA uulize kabla hujakata kitu chochote. Na mtu akikuambia mkate kipande chenye namba ya zamani mkichomelee kwenye chesisi mpya, chukua funguo zako uondoke, hiyo ni jinai, na ile weld inaonekana kwa macho hata na mtu asiyejua gari.