Paka shume wa jirani anakomba chakula cha paka wangu: ninunue bakuli la chipu?

Swali: Daktari, habari za kazi. Naishi Ilazo, Dodoma. Nina paka jike wa miaka 11, mdogo wa umbo na mpole. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namwekea punje kavu na dagaa kwenye baraza la nyuma, ale polepole mpaka nirudi jioni. Tangu mwezi wa nne kuna paka shume wa jirani, mkubwa, wa rangi ya majivu, anaruka ukuta na kukomba kila kitu. Wangu anakimbilia juu ya tanki la maji, na sasa amekonda. Shume naye ameanza kukojolea mlango wangu wa jikoni. Fundi mmoja kanishauri nimwage pilipili, mwingine kasema nitege sumu, jambo ambalo moyo wangu umelikataa. Mdogo wangu aliyeko Uingereza anasema kuna bakuli linalofunguka kwa chipu ya paka mwenyewe na yuko tayari kuninunulia. Je, litafanya kazi huku kwetu na umeme huu? Na jirani nimwambieje? Ni mama mtu mzima, tunaheshimiana.

Jibu: Habari ni njema, dada. Nianze na bakuli, kwa kuwa ndilo linalotaka fedha.

Linafanya kazi, na kukatika kwa umeme hakulihusu. Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinadungwa chini ya ngozi katikati ya mabega kwa sindano nene, na chenyewe hakina betri. Betri zimo ndani ya bakuli. Paka akiinamisha kichwa, bakuli linatoa mawimbi ya redio, chipu inaamka kwa mawimbi hayo na kurudisha namba yake yenye tarakimu 15. Namba ikiwa ndiyo uliyoisajili, kifuniko kinafunguka. Akiondoka, kinajifunga baada ya sekunde chache. Mengi yanatumia betri kavu za kawaida, ambazo hudumu miezi kadhaa. Chipu za kisasa zinazofuata kipimo cha kimataifa hutumia masafa ya kilohezi 134.2, kwa hiyo mdogo wako ahakikishe bakuli linazisoma hizo. Kabla hajalipa, ulizia kwenye kliniki unayokwenda kama chipu wanazo. Kama hawana, mabakuli mengi huja na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kinachofanya kazi ileile. Ukanda wake uwe wa aina inayoachia ukivutwa kwa nguvu. Paka anayepita juu ya kuta zilizopandwa vyupa na kwenye matawi ya miti akinaswa shingoni, ukanda usipoachia unamnyonga.

Udhaifu wa bakuli hili uko mahali pamoja, nao unakugusa wewe moja kwa moja. Kifuniko kikishafunguka kwa ajili ya paka wako, shume anaweza kuchomeka kichwa ubavuni na kula naye. Paka mkali atamzaba kofi. Wako atampisha, kisha shume atakula mpaka kifuniko kitakapojifunga. Unaweza kulisukuma bakuli kwenye kona ili nafasi iwe ya kichwa kimoja tu, na mengine yana kizuizi cha nyuma, lakini hilo linapunguza tatizo bila kulimaliza. Isitoshe, si chombo cha kukaa barazani: upepo wa Julai na Agosti hapa Dodoma unajaza vumbi kwenye bawaba na kwenye kitambuzi. Hivyo sikukatazi kulinunua, ila lisiwe hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni saa. Shume anajua kwamba nyumba hii ina chakula kutwa nzima na hakuna mtu. Ni kweli kwamba paka kwa asili yake hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na ndiyo maana watu wengi huacha sahani wazi. Hata hivyo paka mtu mzima mwenye afya huzoea milo miwili au mitatu bila taabu. Mpe mlo ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, dakika ishirini hadi thelathini kabla hujatoka, mwingine ukirudi, wa mwisho saa tatu au saa nne usiku. Kiasi cha siku nzima ni kilekile, ukigawe tu. Paka hupenda kuzunguka alfajiri na magharibi, kwa hiyo saa hizo hasa baraza lisinuke kitu. Sahani ioshwe, si kufutwa tu. Harufu ya dagaa inamwita shume hata pasipo na dagaa.

Badilisha taratibu, wiki moja hadi mbili, na usimtie njaa ili azoee. Paka asiyekula siku mbili tatu mfululizo anaweza kujaa mafuta kwenye ini akaugua vibaya, hasa kama alikuwa mnene. Akikataa kabisa ratiba mpya, rudi nyuma hatua moja.

Najua swali litakalofuata: mchana kutwa je, na nyumba imefungwa? Hapo ndipo ninapompendekeza seremala kabla ya bakuli la Uingereza. Akutengenezee sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja hivi, ubavu mmoja uwe wavu wa kuku, mfuniko wa juu ufunguke ili uweze kusafisha, na mbele liwe na tundu moja. Ukubwa wa tundu ndio siri yote. Paka dume asiyehasiwa hujaza mashavu, ngozi ya shingo inakuwa nene, na kichwa chake huwa kipana kuliko cha jike mdogo. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa tundu la mviringo, mshikie paka wako kipande cha perege upande wa pili. Akipita kwa raha, bandika kingine chenye tundu dogo zaidi. Endelea mpaka ufikie lile analopita mabega yakigusa kingo bila kujibana, hapo simama, mpe seremala kipimo hicho na umsisitize apige msasa kingo zote. Bakuli likae mwisho wa sanduku, zaidi ya nusu mita kutoka kwenye tundu, kwa sababu shume ataingiza mkono mpaka begani akivuta. Chini weka tofali mbili ili asilipindue.

Wavu wa ubavuni usiuache, hata kama seremala atasema mbao tupu ni nafuu. Paka anayeogopa mwenzake hawezi kula akiwa ndani ya shimo asiloona nje; atakaa na njaa yake juu ya tanki. Wavu unampa kuona nani anakuja. Njia hii inafaa tu kama wako ni mdogo kweli kuliko shume. Kama wanalingana, rudi kwenye chumba na mlango.

Kuhusu pilipili, usimwage. Inashika kwenye nyayo, paka anajilamba, anajipangusa macho, na wa kwanza kuumia atakuwa bibi yako wa miaka 11 anayeishi hapo. Naftalini za kabatini nazo ni sumu kwa paka. Sumu yenyewe moyo wako umeikataa kwa haki: mzoga wa mnyama aliyekula sumu huliwa na mbwa, kunguru na kuku wa mtaa, na nyama iliyotegwa barazani mtoto anaweza kuiokota. Kumtesa mnyama kwa namna hiyo pia ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Huyo fundi mwambie hivyo.

Mkojo wa mlangoni osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza, acha jua likaushe, rudia. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu. Lakini utaosha mpaka lini? Dume asiyehasiwa anakojolea milango kuweka mipaka yake, na dawa ya hilo ni kumhasi. Kwa paka dume ni upasuaji mdogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, baada ya hapo madume wengi hupunguza sana kukojolea kuta, kupigana na kutangatanga. Faida ni yako, ya paka wako, na ya shume mwenyewe, anayerudi kwao na masikio yaliyochanika.

Hapo ndipo jirani anapoingia, na usiende na lawama. Nenda jioni, piga hodi, mwamkie, kaa kwanza. Kisha muulize: “Mama, paka wako huwa anakula kwangu. Je, ana dawa anayotumia, au kuna kitu hatakiwi kula? Nisije nikamdhuru.” Swali hilo linampa habari yote bila kumwambia kwamba hamlishi mnyama wake. Mara nyingi mwenye paka hajui kabisa kwamba anashinda kwa watu. Ukiona amelipokea vizuri, mwambie unampeleka wako chanjo na ungependa muwapeleke wote wawili, huyo dume ahasiwe safari hiyohiyo. Kama una uwezo wa kuchangia gharama, changia. Ni nafuu kuliko bakuli.

Huenda pia mama akakujibu kwamba huyo paka si wake. Shume wa namna hii anaweza kuwa na nyumba nne, kila moja ikidhani ni wa jirani. Akikubali kushikwa, mvishe ukanda wa karatasi wenye maneno “Paka huyu ni wako?” na namba ya simu. Karatasi ikinaswa inachanika. Usipopata simu baada ya wiki kadhaa, zungumza na mwenyekiti wa mtaa na daktari wa mifugo wa kata kabla ya kumpeleka popote.

Sasa jambo lililonisumbua zaidi katika barua yako: amekonda. Umeliandika kama matokeo ya wizi, na huenda ni hivyo, lakini paka wa miaka 11 ana sababu nyingine za kukonda, na shume amekuwa kisingizio kizuri cha kutoziona. Akinywa maji mengi na kukojoa sana, nafikiria figo au kisukari. Akila kwa pupa na bado anapungua, nafikiria tezi ya shingoni. Akikimbilia sahani kisha anarudi nyuma, anatafuna upande mmoja au punje zinamdondoka, fungua mdomo utazame meno na fizi.

Mpime. Mzani wa bafuni hauoni gramu, kwa hiyo mpeleke kwa muuza nafaka mwenye mzani wa kidijitali, akiwa ndani ya kikapu chenye mfuniko. Pima, kisha pima kikapu kitupu, toa. Mlishe chumbani kwa wiki mbili, mahali shume hafiki, halafu mpime tena kwa mzani uleule. Akiongezeka, mwizi ndiye aliyekuwa tatizo. Asipoongezeka, mlete achukuliwe vipimo vya damu na mkojo. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo ni kama mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8. Hilo si jambo la kusubiri.

Kula sahani moja nako kuna madhara yake. Mafua ya paka huambukizwa kwa mate na makamasi, na virusi vya lukemia ya paka hupita kwenye mate pale wanapotumia vyombo pamoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo hata wakila pamoja mbele yako bila ugomvi, bakuli lisiwe la wote. Hakikisha wako ana chanjo ya mafua na ya kichaa cha mbwa, maana kichaa hicho hakiwaachi paka.

Wakipigana, kagua ngozi yake kwa vidole, hasa shingoni na kwenye mzizi wa mkia. Jino la paka huacha tundu dogo linalofunga haraka juu, na siku chache baadaye panavimba usaha. Mlete, usimpe paracetamol, kwani hata nusu kidonge kinaweza kumuua. Usiwaamue kwa mikono, gonga sufuria au warushie kitambaa. Na shume akikung'ata wewe, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa, hata kama jeraha ni dogo, kisha mwombe mama amfungie paka huyo ndani siku 10 mumwangalie.